Usiutegemee moyo, weka kufuli

Mdogo wangu wa Mafinga, nimekusoma vizuri. Umeajiriwa duka la vifaa vya ujenzi, umepanga chumba kimoja, mshahara ukiingia mwisho wa mwezi, ikifika tarehe kumi unaishi kwa kukopa. Unataka kufanya mitihani ya bodi ya uhasibu, vitabu umeshanunua, ila kila jioni simu inakumaliza. Na kila Jumapili usiku unaapa kwamba kesho utaamka saa kumi alfajiri. Unauliza nidhamu inajengwaje.

Aliyekujibu kabla yangu amesema ujilazimishe tu, mwanaume habembelezwi. Mimi si mwanaume, kwa hiyo nitakubembeleza kidogo.

Niko Tukuyu. Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu, na nyuma ya nyumba nina ng'ombe wa maziwa. Watu wakiniona barabarani asubuhi na keni langu la maziwa, kumetanda ukungu na mvua inanyesha (huku inapita milimita 2,000 kwa mwaka, mwavuli ni sehemu ya mwili), wanasema yule dada ana nidhamu ya kijeshi. Nidhamu gani! Nisingekuwa na ng'ombe ningelala mpaka saa mbili.

Ng'ombe asipokamuliwa analia, na kiwele kikijaa kupita kiasi anaweza kuugua. Halafu kukamua kwenyewe hakutaki mtu mwenye usingizi. Unaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, unakikausha, michirizi ya kwanza ya kila chuchu unaikamulia kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi uone kama kuna mabongemabonge. Yakiwepo, kiwele kina ugonjwa, maziwa yale hayachanganywi na mengine. Ukiiruka hatua hiyo kwa uvivu, utaumbuka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Mpokeaji anachota maziwa kidogo, anayachanganya na alkoholi kiasi kilekile, anatikisa. Yakikatika, keni zima linarudi nyumbani. Kisha anatumbukiza laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa. Ukiwa umeongeza maji inazama kuliko kawaida, na foleni nzima inaangalia. Na kituo kina saa yake ya kufunga, hakijali umelalaje.

Sasa niambie, hapo nidhamu ni yangu au ya ng'ombe?

Ndiyo maana sikushauri uanze na kuapa. Tafuta kitu au mtu atakayekudai. Mtu anayeamka saa kumi akiwa hana anayemsubiri, na baridi ya Mafinga ya mwezi wa saba, atarudi kwenye blanketi tu, awe na akili timamu kiasi gani. Wahamasishaji wa mitandaoni wanaokuimbia saa kumi alfajiri sidhani kama wamewahi kulala nyanda hizi bila blanketi la pili.

Kuna mahali nilipolielewa hili vizuri zaidi kuliko zizini, nako ni kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Sijui kama umewahi kuingia kimoja. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, ambao si yule anayekaa na sanduku. Halifunguliwi mpaka kikao kikae, wote wapo, hela inahesabiwa kwa sauti mbele ya kila mtu. Mtindo huu wa sanduku ulianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima. Angalia vizuri ulivyotengenezwa. Akina mama wa kikoba chetu ni waaminifu, ni watu wa kanisani, wengine wamekuza watoto kwa kuuza ndizi tu. Lakini hakuna aliyesema "tuaminiane, tuweke kufuli moja." Waliona kwamba ipo siku mtoto ataugua usiku, au shemeji atakuja na shida, na mtu mwema kabisa atafungua sanduku akisema nitarudisha kesho. Kwa hiyo wakapanga mambo ili mtu asilazimike kupigana na moyo wake peke yake usiku wa manane.

Nawe tengeneza kufuli zako. Za pesa kwanza, maana hizo ndizo ninazoziona kila siku dirishani kwangu.

Mteja akipokea mshahara kwenye simu, hatoi mara moja. Anatoa elfu tano asubuhi, elfu kumi mchana, jioni anarudi tena, kila safari analipa makato, na kila safari anasema hii ndiyo ya mwisho. Wengine hawaondoki dirishani, wanasimama hapohapo wanajaza mkeka wa kubeti. Sio kwamba ni wajinga. Hela ikiwa kwenye simu iko karibu na kidole kuliko hata mfukoni. Kwa hiyo akiba yako iweke kwenye laini nyingine, laini hiyo iweke kwenye kitochi, kitochi kikae kabatini kwa mtu unayemheshimu, namba ya siri uwe nayo wewe. Ukitaka kuitoa itabidi umwombe mtu simu na kumtazama usoni. Wengi wataona haya, na aibu hiyo ndiyo unayoihitaji.

Kingine, hela igeuze iwe kitu siku ileile inapoingia. Wewe uko duka la vifaa vya ujenzi, bwana! Watu wa huku ndivyo wanavyojenga: mwezi huu bati mbili, mwezi ujao tofali, nyumba inasimama polepole. Hela taslimu inaombwa. Binamu akipiga simu akakukuta nayo, utampa, maana ni binamu. Akikukuta na bati, atakupongeza. Sisemi uwanyime ndugu, tenga fungu lao dogo kila mwezi, likiisha waambie limeisha na utakuwa husemi uongo. Kodi ya chumba nayo usiilipe kwa kilichobaki. Ilipe kabla hujanunua hata sahani ya chips.

Simu sasa. Usiitumie kama kengele ya kuamkia. Nunua saa ya mezani, simu ilale nje ya chumba, au kwa kuwa chumba ni kimoja, ilale juu ya kabati mahali usipofikia ukiwa umelala. Bando nunua dogo la siku, sio la mwezi, likikata limekukatia na wewe. Na mechi za Ulaya za saa nne na saa tano usiku, kibanda umiza kimejaa, unarudi saa saba, halafu unataka kuamka saa kumi? Hapo tatizo sio alfajiri. Chagua mechi chache za mwezi, nyingine utaambiwa matokeo kazini, na utayapenda zaidi yakisimuliwa na mshabiki aliyefungwa.

Kuhusu kusoma, nakushauri usisome nyumbani kabisa. Chumba kimoja maana yake kiti ni kitanda. Ukifunga duka, kabla hujapanda boda, kaa palepale kwenye meza ya stoo na swali moja la mtihani uliopita. Moja. Likiisha, nenda nyumbani kwa amani. Mwombe bosi kama hana neno, na kama ana neno, maktaba au darasa la kanisa linaweza kukupokea. Halafu tafuta mwenzako anayesomea mitihani hiyohiyo, hata kama yuko Iringa mjini, kila jioni mtumiane picha ya karatasi mliyoandika. Usipotuma, atauliza. Huyo ndiye ng'ombe wako.

Wanasema tabia inajengwa kwa siku 21. Kuna utafiti uliofanywa na Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, ukachapishwa mwaka 2010, waliwafuata watu 96 wakijenga tabia ndogondogo, kama kunywa maji na chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha usiku. Wastani ulikuwa siku 66, lakini kuna aliyeonekana kuzoea kwa siku 18, na mwingine kwa mahesabu yao angehitaji 254. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba aliyekosa siku moja hakuharibikiwa, aliendelea kujenga kama kawaida. Wewe umeandika kwamba ukikosa Jumanne unaona wiki yote imeharibika, unaahirisha mpaka Jumatatu nyingine. Hapana. Jumatano ipo. Ng'ombe wangu nikichelewa kumkamua jioni, simwambii tutaanza upya mwezi ujao.

Ila usianze vyote pamoja. Pesa, simu, kusoma, kuamka: ukivibeba vyote Jumatatu moja utavitua vyote Alhamisi. Mimi ningeanza na pesa, kwa sababu mtu mwenye deni hasomi, anahesabu tu. Saa kumi alfajiri iache kabisa kwa sasa. Kama kazi inaanza saa mbili, kumi na mbili inakutosha sana.

Umeuliza pia kama usubiri Januari. Vikoba vingi vinagawana Desemba na kufungua mzunguko mpya mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo hapo kuna sababu ya kweli ya kusubiri, lakini sio ya kukaa kimya. Wiki hii muulize mama mwenye mgahawa unapokula mchana, hakosi kukijua kimoja. Uliza hisa ni shilingi ngapi, kikao siku gani, faini ya kuchelewa ni kiasi gani, na wanapokea vijana wasio na ndoa au la, maana vingine vinawaogopa. Wakikwambia hawana faini, tafuta kingine.