Maswali na majibu: eosinofili zimepanda, aleji ya pua imezidi?

Nimepima damu, eosinofili ni asilimia 9. Naenda chafya kutwa. Aleji yangu ya pua ni kali kiasi gani? (Kisauni)

Kwa karatasi hiyo siwezi kukwambia, na hata huyo wa lebu hawezi. Eosinofili ni aina moja ya chembe nyeupe za damu, na asilimia pekee haisemi kitu mpaka ujue chembe nyeupe zote ni ngapi, manake zikiwa 5,000 hiyo 9 yako ni 450, na chini ya 500 kwa mikrolita bado ni kawaida. Halafu eosinofili hupanda na kushuka siku hiyohiyo, usiku ziko juu asubuhi ziko chini. Ukali wa aleji ya pua hupimwa kwa mwongozo wa kimataifa wa madaktari uitwao ARIA, uliotoka 2001, na huo hauulizi damu kabisa. Unauliza usingizi wako waharibika? Kazi au shule yaharibika? Mambo yako ya kila siku yakwama? Dalili zakukera? Ukijibu ndio hata kwa moja tu, ushatoka kwenye aleji hafifu. Na zikikushika zaidi ya siku 4 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 4 mfululizo, hiyo ni ya kudumu. Haya yote ni bure, nashangaa watu walipia pakeji nzima ya vipimo kabla hawajaulizwa kama wanalala.

Mwanangu ana miaka 8, eosinofili 1,400. Wa chemsti asema ni aleji mbaya, achomwe sindano. Likizo huwa kwa bibiye Kwale. (Likoni)

Mamangu, usikubali hiyo sindano. Kwa mafua ya aleji peke yake 1,400 ni nyingi, na kwetu Pwani kitu cha kwanza cha kufikiria ni minyoo. Muulize huko Kwale aogelea mtoni au kwenye bwawa? Akojoa damu? Atembea pekupeku? Kichocho na safura zote hupandisha eosinofili, na matende pia. Mpeleke hospitali apimwe choo na mkojo, kichocho kina dawa yake na safura ina yake. Sasa sikiza vizuri, sindano wanazochoma watu kwa aleji mara nyingi ni steroidi, dawa inayoshusha kinga ya mwili, na kuna minyoo aina ya strongiloidesi ambayo ikiwa mwilini halafu upewe steroidi yaweza kuzaana ikaenea mwili mzima ikaua mtu. Namba kubwa ya eosinofili ni sababu ya kusimama na kutafuta, si ya kukimbilia sindano. Pua yake itibiwe kivyake, kwa dalili zake.

Zangu ziko kawaida, kwa hivyo sina aleji? (Changamwe)

Waweza kuwa nayo tena kali. Na kama ulikuwa wameza predinisoloni, vile vidonge vya steroidi, hizo eosinofili zimeshushwa na dawa.

Na wakipima makamasi badala ya damu? (Tudor)

Hapo afadhali, manake wanaangalia pahali penyewe penye shida. Zikionekana nyingi kwenye ute wa pua, sprei ya steroidi ina nafasi nzuri ya kukusaidia. Lakini kuna watu pua zao zimejaa eosinofili na kipimo cha ngozi hakioneshi aleji yoyote, kwa hivyo hata hicho cha makamasi usikifanye hakimu.

Matone ya kuzibua pua hayanisaidii tena, niongeze? (Majengo)

Swali hili lanijia kila mara na kila mara jibu ni HAPANA. Yale matone ni ya siku chache, ukipitisha wiki yenyewe ndiyo yanayoziba pua, waongeza na pua yazidi kufura. Yaache. Mwone daktari akupe sprei ya steroidi ya pua, hii ni tofauti na sindano, dozi yake ni ndogo na hufanya kazi palepale puani. Inamisha kichwa kidogo, elekeza upande wa sikio, usiilenge kwenye ukuta wa kati utatokwa damu, na usivute kwa nguvu ikashuka kooni. Itumie kila siku, yaweza kuchukua hata wiki 2 ndio uone nafuu kamili, watu waiacha siku ya tatu wakasema haifai! Na joto letu hili la unyevu ndilo wapendalo wadudu wa vumbi la godoro, kwa hivyo mashuka yafue kwa maji moto ya digrii 60 kila wiki, na moshi wa udi uweke mbali na chumba unacholala.