Chandarua cha bure, huduma ya mkoba na bajeti ya wilaya: wachumi wa afya wanajibu

SWALI: Katika kikao cha halmashauri mwenzetu alidai kuwa vyandarua vya bure huishia kuzungushia bustani, na kwamba mtu akichangia hata shilingi kidogo atakithamini. Utafiti unasemaje?
*Diwani, Kilosa*

JIBU: Mheshimiwa, hoja hiyo imeshapimwa, tena kwa majirani zetu wa magharibi mwa Kenya. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walizipangia kliniki za wajawazito bei kwa kura: nyingine zitoe chandarua bure, nyingine zikiuze kwa bei ndogo isiyozidi shilingi 40 za Kenya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Bei ilipotoka sifuri hadi shilingi 40, ambazo wakati huo zilikuwa kama senti 60 za dola, kati ya kila wajawazito 100 kama 60 ambao wangekichukua bure waliondoka bila chandarua.

Kisha watafiti waliwafuata majumbani. Waliopewa bure walikuwa wamevitundika kwa kiwango kilekile cha walionunua. Wengine hutetea bei wakisema humfikishia chandarua yule anayekihitaji zaidi. Hilo nalo halikuonekana: walionunua hawakuwa na upungufu wa damu, ambao malaria huuleta, mkubwa kuliko wenzao.

Lipo jambo jingine ambalo vikao husahau, nalo ndilo zito kuliko yote. Chandarua chenye dawa hupunguza mbu kwa aliyelala ndani na kwa jirani yake pia. Utafiti wa Asembo, katika eneo hilohilo la magharibi mwa Kenya, ulionyesha kuwa watoto wa nyumba zisizo na vyandarua, lakini zilizo ndani ya mita 300 kutoka vijiji vyenye vyandarua, walipata kinga iliyokaribiana na ya wenzao. Kwa hiyo kila mama anayerudishwa kwa kukosa shilingi 40 anapunguza kinga ya mtaa mzima. Ukilijumlisha hilo, kugawa bure kunaweza kuwa nafuu kwa kila mtoto anayeokolewa, ingawa kwa kila chandarua kunaonekana ghali.

Kuhusu bustani, uliza kwanza vyandarua hivyo vina umri gani. Kilichochanika na kuisha dawa hakimlindi tena mtu. Na mkitaka takwimu zenu wenyewe, chagueni kaya kwa kura, mpite mapema asubuhi, mhesabu vilivyotundikwa kwa macho. Ukimuuliza mtu kama hukitumia, wengi watajibu ndiyo kwa heshima tu.

SWALI: Mimi ni mratibu wa chanjo. Tunaambiwa huduma ya mkoba, yaani kutoka kituoni kwenda kuchanja watoto vitongojini, ni ghali, ifutwe. Nifanyeje hesabu ambayo mweka hazina hataipindua?
*Muuguzi, Mbeya*

JIBU: Dada, kosa linalofanyika kila mahali ni kugawa gharama za mkoba kwa watoto waliochanjwa na mkoba. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwaka jana kituo kilichanja watoto 600 dhidi ya surua na rubela. Mwaka huu mmeongeza safari 24 za mkoba, kila safari shilingi 175,000, jumla 4,200,000. Daftari la mkoba lina watoto 200. Ukigawa unapata 21,000 kwa mtoto, unafurahi. Lakini fungua daftari la kituo: limeshuka hadi 520. Maana yake watoto 80 wa mkoba wangekuja kituoni kwa miguu yao. Walioongezeka kwa kweli ni 120, na kila mmoja amegharimu 35,000. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka kikaoni, hata kama inauma, kwa sababu mweka hazina akiigundua mwenyewe hatakuamini tena. Hakikisha pia idadi ya watoto wa eneo lako haikubadilika sana kati ya miaka hiyo miwili, la sivyo linganisha viwango badala ya idadi.

Katika hizo 175,000 weka kila kitu: mafuta, posho, muda wa mishahara ya mlioondoka kituoni, na sehemu ya uchakavu wa pikipiki. Pikipiki itakayodumu miaka mitano igawiwe miaka mitano, kisha uchukue siku za mkoba tu. Chanjo iliyotolewa na wafadhili nayo ina bei. Ukiiandika sifuri, siku mfadhili akiondoka mpango wote unaanguka. Usisahau inayomwagwa. Chupa ya dozi 10 ya surua na rubela ikishachanganywa haivuki saa 6. Wakija watoto wanne, dozi sita zimepotea. Ndiyo maana kupanga siku ya mkoba pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, watoto wakusanyike siku moja, hushusha gharama kuliko kubana posho.

Sasa, 35,000 ni ghali? Peke yake haijibu. Ilinganishe na jambo jingine ambalo 4,200,000 hizo zingefanya: kutengeneza friji iliyokufa, au kulipa wahudumu wa jamii wawatafute walioacha dozi. Na uwaonyeshe ni akina nani hao 120. Wakiwa ni wa vitongoji vya mbali ambako surua ndiko huanzia, sema hivyo waziwazi. Usawa ni sababu halali ya kulipa zaidi.

SWALI: Ni lini utafiti wa namna hii umewahi kubadilisha bajeti kwetu?
*Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Mfano wa kujivunia ni TEHIP, mradi wa kusaidia wilaya kupanga bajeti za afya kwa takwimu, ulioanza miaka ya 1990 katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadadisi walikwenda kaya kwa kaya, wakahoji familia kuhusu dalili za waliofariki, kwa kuwa vifo vingi havikufika hospitali. Ikaonekana Morogoro kwamba malaria ilibeba kama asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa vifo vya mapema, huku ikipata asilimia 5 tu ya bajeti ya mwaka 1996. Timu za wilaya zilipewa picha hiyo kwa michoro rahisi, pamoja na fedha kidogo za ziada zisizofungwa kwa ugonjwa mmoja. Zikahamisha bajeti zenyewe. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hatuwezi kusema vyote ni kazi ya bajeti, maana mambo mengine nayo yalibadilika, lakini upangaji ule ulikuwa na mchango.

Tofauti yake na ripoti za kabatini ni wakati na mamlaka. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Matokeo yanayofika Mei yamekuta mpango umeshafungwa. Peleka mapema, ukurasa mmoja: gharama ya ziada, watu wa ziada watakaonufaika, na jumla itakayohitajika wilaya nzima kwa mwaka. Hiyo ya tatu ndiyo watafiti wengi huiacha, na ndiyo swali la kwanza la mweka hazina.