Jibu: Farlow alikuwa daktari au mtu wa kuvu, na karatasi zake ziko wapi?
Mkuu, umeuliza kama William Gilson Farlow alikuwa daktari au mtaalamu wa mimea. Vyote viwili, ila udaktari aliusomea tu: alihitimu Harvard mwaka 1870, kisha akaenda moja kwa moja kuwa msaidizi wa Asa Gray, bingwa wa botania wa Marekani enzi hizo. Baadaye akavuka bahari kwenda Strasbourg, wakati huo iko chini ya Ujerumani, kujifunza kuvu kwa Anton de Bary. Mwaka 1879 Harvard ikampa uprofesa wa mimea isiyotoa maua: kuvu, mwani, kuvumwani na jamaa zao. Roland Thaxter, mtaalamu mwingine wa kuvu, alikuwa mwanafunzi wake.

Karatasi zake anza kuzitafuta Harvard kwenyewe, kwenye maktaba yenye jina lake. Vitabu na vielelezo vyake vilikwenda chuoni alipofariki 1919. Barua ni nzuri, lakini mimi ningeanza na kadi za faharasa yake ya kuvu wa Amerika Kaskazini. Kilichochapwa mwaka 1905 ni kipande cha kwanza tu, kikaishia herufi B!