Makadirio ya kusafisha mabomba ya hewa nyumbani
Ukiandikiwa na kampuni bei ya kusafisha mabomba yanayosambaza hewa vyumbani, na bei yenyewe ni ya "kila tundu" la hewa, uliza kwanza wamehesabu matundu gani. Wengi huhesabu yanayopuliza hewa tu, kisha wakishafika wanakuongezea yale yanayovuta hewa kurudi, bomba kuu, na feni inayosukuma hewa kwenye mabomba. Hapo ndipo bei ndogo inapovimba. Feni ikiachwa chafu, vumbi linarudi kwenye mabomba uliyolipia juzi, kwa hiyo sisitiza kusafisha feni kuandikwe ndani ya bei hiyo hiyo. Dawa ya ukungu ikatae mpaka uoneshwe huo ukungu kwa macho yako. Halafu fungua kifuniko cha tundu moja, mulika tochi ndani: ukikuta vumbi jepesi tu, bila ukungu wala mavi ya panya, mimi nisingelipa hata hiyo bei ya chini.