Maswali ya Wasomaji: Mzuka Ukikataa Kuja

Shikamooni. Ninaandika riwaya, nimekwama ukurasa wa 60 tangu Ramadhani iliyopita. Kazini natoka saa kumi na moja jioni, nyumbani watoto wananisubiri. Mzuka ukinipanda naandika hadi usiku wa manane, kisha napotea wiki tatu. Nifanyeje?
*Mama wa wawili, Kibaha*

Marahaba, mama. Huo usiku wa manane ndio unaokuangusha. Mtu akiandika maneno 3,000 kwa mkupuo mmoja, humaliza kila alichokuwa nacho kichwani. Akirudi, hakuna pa kushika.

Piga hesabu upya. Riwaya ya maneno 45,000 ni maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 30. Maneno 300 ni ukurasa na kidogo wa kaunta buku kwa mwandiko wa kawaida, kazi ya dakika 40 hadi saa nzima. Kwa mwenye watoto, saa hiyo hupatikana saa kumi na moja alfajiri, kabla chai haijainjikwa. Acha kalamu ungali unajua kinachofuata, hata kama ni kukata sentensi katikati. Chini yake andika mstari mmoja wa kesho: "Shangazi anaiona barua." Basi, funga daftari.

Alfajiri inayofuata soma aya ya mwisho tu. Ukianzia ukurasa wa 1, saa yote itaishia kwenye kusahihisha. Makosa ya nyuma yaorodheshe mwisho wa daftari ("jina la mjomba libadilike, sura ya 2") na usonge mbele.

Kukwama ukurasa wa 60 si jambo la ajabu. Hapo wahusika wameshajulikana, ugomvi umeshatajwa, ila mwandishi hajaamua nani atapoteza nini. Kata vipande 20 vya karatasi, kila kimoja tukio moja kwa mstari mmoja, uvipange sakafuni. Usipofikisha hata 12, tatizo si uvivu wako. Amua kwanza mhusika mkuu anataka nini na nani anamzuia, ndipo urudi kwenye daftari.

Siku ikipotea, isilipwe. Ukiyabeba maneno 300 ya jana, leo unadaiwa 600 na kesho 900, na hapo ndipo watu wengi huacha kabisa. Ukikosa siku mbili mfululizo, rudi na 150. Kila Jumapili piga picha kurasa za wiki ujitumie kwa barua pepe, maana madaftari huloa na simu huibwa.

Nachora picha za mtindo wa Tingatinga. Masika hii rangi haikauki, nashinda nimekaa tu. Nikilazimisha, inakunjamana.
*Mchoraji, Kinondoni*

Rangi ya mafuta ya kung'aa hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani baada ya tinna kuruka, na wanaochora Tingatinga wamekuwa wakipambana na tabia yake tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuipaka kwenye hadibodi mwishoni mwa miaka ya 1960. Makopo mengi huagiza saa 16 hadi 24 kabla ya mkono wa pili wa rangi. Hesabu hiyo ni ya hewa kavu, kwa hiyo masika weka saa 48.

Kukunjamana kuna sababu mbili. Ama umepaka nene, ngozi ya juu ikafunga wakati chini bado kubichi, ama umewahi mkono wa pili na tinna yake ikalainisha wa kwanza. Bonyeza pembeni kwa kidole gumba ukizungusha kidogo. Pakiacha alama, ngoja.

Ila usingoje mikono mitupu. Weka bodi 6 za futi 2 kwa 2 kwenye zamu: leo unapaka usuli (rangi ya nyuma ya picha) wa mbili, maumbo ya wanyama kwenye mbili za juzi, vitone na manyoya kwenye mbili zilizotangulia. Anza baada ya saa tatu asubuhi, maliza kabla ya saa kumi jioni. Unyevu ukitua juu ya rangi mbichi, mng'ao hufifia na mtu akalaumu kopo bure. Mafuta ya taa ni ya kusafishia brashi. Ukiyachanganya kwenye rangi, utangoja zaidi. Wapo wanaohamia akriliki, rangi ya maji, msimu wa mvua. Inakauka upesi, lakini ule mng'ao mnunuzi mzoefu anaukosa mara moja.

Jioni chora kwa chaki michoro ya kesho kwenye bodi zilizokauka. Rangi iliyobaki ichuje kwa soksi nyembamba ya kike, uihamishie kwenye chupa ndogo ijae hadi shingoni, isifunge ngozi.

Napiga udi, ala ya nyuzi, kwa muda wa saa nne kila Jumapili. Vidole vinauma na Bayati yangu, moja ya maqam (ngazi za nota za Kiarabu), bado haitulii.
*Kijana wa Unguja*

Gawa saa hizo ziwe takriban dakika 30 kila siku. Dakika 5 za mwanzo ni za kurekebisha sauti za nyuzi, maana unyevu hulegeza na kukaza nyuzi kila siku. Udi hauna vizuizi shingoni, na nota ya pili ya Bayati iko kati ya nota mbili za piano. Kidole kikiteleza kidogo tu, maqam inapotea. Rekodi kwenye simu sauti ya nota ya mwanzo, iache ilie, uilinganishe nota ya pili nayo pole pole kwa dakika 10. Kisha chukua kipande kifupi kimoja. Ukikosea mara tatu, punguza mwendo. Ncha za vidole kuwasha ni kawaida, ila maumivu ya kifundo cha mkono ni ishara ya kuacha siku hiyo na kutazama unavyoshika risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi.

Mswada wangu umekataliwa na wachapishaji watatu. Nichome?
*Msomaji, Mombasa*

Hapana. Andika kwenye daftari tarehe, ulipoupeleka na sababu waliyotoa. Wawili wakitaja kasoro moja, irekebishe. Kila mmoja akitaja lake, au wote wakinyamaza, upeleke kwingine ulivyo ndani ya wiki moja. Fuatilia pia matangazo ya tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, na inayopokea miswada ya Kiswahili. Soma masharti ya urefu kabla ya kutuma.