Zana ya kurejesha malipo: futa maelezo hayo kabla hujalala

Ndugu, umeuliza iwapo maelezo ya zana yaandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na kama maneno mawili au matatu yanatosha kwa kila moja ya zana 14 (yaani kazi anazoweza kuzifanya) za ajenti wako wa akili unde wa duka la vipuri pale Kirinyaga Road. Macho yangu yameganda kwenye mstari mmoja wa orodha uliyobandika: "rejesha_malipo: Hurejesha malipo." Mstari huo naujua, kwa sababu niliwahi kuulipia.

Mwaka jana nilimtengenezea binamu yangu, mwenye duka la jumla la vyombo Kamukunji, ajenti wa akili unde wa kuwajibu wateja kwenye WhatsApp. Nilimpa zana mbili za malipo. Sisi waandishi wa programu tumezoea kusema kwamba kitendakazi (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) "hurejesha" jibu, yaani hutoa jibu, kwa hiyo zana ya kutazama kumbukumbu niliieleza hivi: "Hurejesha malipo ya mteja." Ile ya kumrudishia mtu pesa zake nikaieleza: "Hurejesha malipo kwa mteja." Tofauti nzima kati ya swali na hasara niliitundika kwenye "ya" na "kwa", kisha nikaenda kulala nikiwa nimeridhika kabisa.

Jumamosi ya kwanza, mama mmoja wa Machakos aliuliza kama pesa zake za sufuria zimefika. Ajenti alimrudishia shilingi 4,350 zote, kisha akamjulisha kwa adabu kubwa kwamba ombi lake limeshughulikiwa. Sasa niambie, ni mteja gani wa Kenya anayetuma pesa kwa M-Pesa bila kuuliza kama zimefika? Kufikia saa kumi jioni wateja 17 walikuwa wamerudishiwa jumla ya shilingi 68,200, na mizigo ya tisa kati yao ilikuwa tayari imepakiwa kwenye basi. Binamu hakujua lolote mpaka mteja mmoja alipopiga simu kushukuru kwa ofa. Kwa kujitetea, naomba izingatiwe kwamba maelezo yale yalikaguliwa na kupitishwa na kamati ya mtu mmoja aliyekuwa na usingizi. Hadi leo, kwenye sherehe za ukoo, mimi huketi karibu na mlango.

Aliyenitia ujinga huo ni mkufunzi wa darasa moja la jioni huku Westlands, ambaye ada yake sitaitaja kwa kuwa mke wangu husoma jukwaa hili. Alitufundisha kwamba maelezo yawe mafupi iwezekanavyo kwa sababu kila neno ni tokeni (kipande cha maandishi kinacholipiwa), tokeni ni pesa, na modeli, yaani ubongo wa ajenti, "ina akili, itaelewa yenyewe". Ni kweli kwamba maelezo ya zana huambatana na kila ombi na huhesabiwa katika gharama. Alichotuficha, au pengine hakukijua, ni kwamba modeli haiuoni msimbo wako, yaani programu uliyoiandika nyuma ya zana. Inaona jina la zana, maelezo yake na orodha ya vigezo (taarifa ambazo zana huhitaji kupewa), basi. Itaelewaje yenyewe jambo ambalo halimo humo? Sentensi tano zaidi zingenigharimu senti chache kwa siku.

Kwa hiyo nina sharti moja, na silegezi: kila maelezo yaseme ni wakati gani zana hiyo isiguswe, na yataje kwa jina zana ya kutumia badala yake. Zana yangu sasa inaitwa mrudishie_mteja_pesa, na maelezo yake ni haya: "Humtumia mteja pesa alizokuwa amelipa. Tumia tu pale mteja anapoomba waziwazi kurudishiwa pesa na hali ya oda ni 'imeghairiwa'. Usitumie mteja anapouliza kama malipo yake yamefika. Kwa swali hilo tumia angalia_malipo. Namba ya simu iwe na tarakimu 12, ianze na 254, bila alama ya kujumlisha." Zaidi ya hayo, msimbo wenyewe hauruhusu pesa kutoka kabla binamu hajabonyeza kukubali, kwa maana maelezo humwelekeza ajenti lakini hayamfungi mikono.

Baada ya hasara ile nilimsomea karani wa duka yale maelezo yangu mawili ya kwanza, nikamwuliza angetumia lipi kwa swali la mama wa Machakos. Hakufikiri hata kidogo. Aliuliza tu, "Kurejesha wapi?" Swali hilo lingenipata Ijumaa, lingekuwa na thamani ya shilingi 68,200.

Nimerudi kwenye orodha yako na nimeona nyingine, ya tisa, iitwayo "futa", yenye maelezo "Hufuta rekodi." Rekodi ya nini: oda, mteja au bidhaa? Nijibu hapa chini kabla hujamwasha huyo ajenti kesho asubuhi.