Michoro Imepinda, Mtungi Umepasuka: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Maonyesho ya Sanaa Shuleni

Salaam aleikum, wahariri. Wanafunzi wetu wa shule ya upili wataonyesha kazi zao ukumbini: michoro ya makaa, rangi za maji, batiki na vyombo vya udongo. Mara iliyopita tulibandika michoro kwa selotepu jioni. Asubuhi nusu ilikuwa sakafuni na iliyobaki imepinda. Tulikosea wapi? — Mwalimu wa sanaa, Likoni

Waaleikum salaam, mwalimu. Ukuta wa chokaa hutoa vumbi. Selotepu hushika lile vumbi, haishiki ukuta, na unyevu wa usiku ukizidi huachia. Karatasi nayo hunywa unyevu ikatanuka, upande mmoja zaidi ya mwingine kwa jinsi nyuzi zake zilivyolala. Ukiibana pembe zote nne haina pa kwenda, basi hujikunja.

Ishikeni juu tu. Chukueni kadibodi ngumu inayozidi mchoro sentimita 5 kila upande. Kateni vipande viwili vya karatasi nyepesi, sentimita 2 kwa 4, mvipake uji mzito wa unga wa ngano: nusu ya kipande ishike mgongo wa mchoro, nusu ishike kadibodi. Uji uwe kidogo, maana mende huupenda. Sehemu ya chini iachwe huru, karatasi itanuke na kusinyaa ipendavyo.

Kadibodi hiyo itundikwe kwa mshipi wa kuvulia samaki wa milimita 0.8, kutoka kwenye ubao uliopigiliwa juu ya ukuta. Nailoni huteleza, kwa hiyo fundo la kawaida litafunguka. Fungeni kama mvuvi afungavyo ndoana: zungusheni ncha mara tano juu ya mshipi wenyewe, ipitisheni kwenye kitanzi cha kwanza kilicho karibu na kadibodi, lowesheni, kazeni. Nailoni pia hurefuka ikibeba uzito, hivyo tundikeni siku moja kabla, kisha asubuhi msawazishe kwa pima maji.

Makaa yanahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu hayana gundi. Ni vumbi lililokaa kwenye mikwaruzo ya karatasi. Pulizeni dawa ya kushikilia makaa kutoka umbali wa sentimita 30, mara tatu kwa wepesi, kila mara mkingoja ikauke. Ukipuliza kwa wingi mara moja, karatasi hulowa na kivuli ulichokipaka kwa saa nzima hugeuka madoa. Dawa ya nywele tunaikataa: hugeuka manjano. Mkitia fremu, tumieni kioo halisi, kisiguse mchoro. Plastiki ikifutwa hupata umeme tuli na kuvuta vumbi la makaa kutoka karatasini.

Shikamooni. Mtungi wangu ulipasuka tanurini. Wenzangu wanasema kulikuwa na hewa ndani ya udongo. Ni kweli? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kisauni

Marahaba, mwanetu. Hewa husingiziwa tu. Mpasuaji ni maji. Udongo unaoonekana mkavu huweza kuwa na maji ndani, na joto likifika nyuzi 100 hugeuka mvuke. Mvuke usipopata njia ya kutoka upesi huvunja ukuta wa chombo. Ndiyo maana sehemu nene hupasuka kwanza: ukuta wa mtungi usizidi unene wa sentimita 1, na sanamu kubwa ichimbwe ndani ibaki na unene wa sentimita 2.

Siku za mwanzo ufunike kwa mfuko wa plastiki uliolegea, la sivyo mkono na mdomo vitakauka kabla ya tumbo na kupata nyufa. Kisha ufunue, uuweke juu ya wavu hewa ipite chini. Uguse kwa shavu: ukiwa baridi, maji bado yanatoka. Msimu wa kusi, mvua zikinyesha, wiki mbili si nyingi. Tanurini, kaa kwenye nyuzi 80 hadi 90 kwa saa kadhaa, tundu la juu likiwa wazi. Weka kipande cha kioo juu ya tundu kwa muda mfupi; kikipata ukungu, usiongeze moto.

Picha zetu hazilingani ukubwa. Tulinganishe juu au chini? — Mzazi msaidizi, Changamwe

Katikati. Kitovu cha kila picha kiwe sentimita 145 kutoka sakafuni. Kupata mahali pa msumari, chukua 145, ongeza nusu ya urefu wa picha, toa umbali kati ya ukingo wa juu na uzi wa kutundikia ulio nyuma ya picha, ukiwa umevutwa. Picha ya sentimita 60, uzi ukiwa sentimita 5 chini ya ukingo: 145 + 30 − 5, msumari upigwe 170. Vyombo vya udongo viwe mezani, mbali na mlango. Wageni wenye mikoba hawaoni nyuma yao.

Batiki tuitundike dirishani ing'ae? — Mwanafunzi, Tudor

Saa za ufunguzi tu. Jua la hapa hupausha rangi, na mkunjo wa kitambaa hubaki kama mstari mweusi katikati ya weupe. Siku zingine itundikeni ukuta wa ndani, na kabla ya hapo mpige pasi kati ya magazeti mpaka gazeti lisitoke tena na nta.